Kona ya Chumba cha Kujifungulia

Fundi Luhaga alifika nyumbani kwangu Somanda, mjini Bariadi, Jumatano asubuhi, amekaa nyuma ya bodaboda, na hakushuka mpaka nilipotoka nje. Nikajua kuna jambo. Mzee huyu ndiye aliyejenga zahanati ya kijiji chetu cha Mwanshigule, pamoja na nusu ya nyumba za bati zilizoko huko, na sijawahi kumwona akiogopa kukanyaga ua wa mtu.

"Mwangaluka, ng'wana Mwandu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mtoto wa Mwandu.

"Mwangaluka, baba. Shuka basi, chai ipo."

"Chai nitakunywa siku nyingine. Jumamosi wananitenga."

Nilitua beseni la nguo nililokuwa nimeshika. Asiye wa kwetu anaweza kudhani hayo ni maneno tu. Kwetu mtu anayetengwa hapigwi wala hafungwi. Hasalimiwi. Akifika kisimani, wenzake wanateka maji na kuondoka. Ng'ombe wake wakipotea, hakuna anayefuata nyayo. Akifiwa, anachimba kaburi mwenyewe. Na yeyote atakayemsemesha, hata neno moja, anaingia kwenye adhabu ileile siku ileile. Nimewahi kumwona mwanamume mwenye ng'ombe sitini akihama kijiji kabla mwaka haujaisha, kwa sababu ya ukimya tu.

"Kosa lako nini?"

"Wanasema nilikula saruji ya zahanati."

Habari za nyufa nilikuwa nazo. Nilijua pia yaliyotokea mwezi wa tatu, mvua ilipokolea. Mlango wa chumba cha kujifungulia uligoma kufunguka, fremu imeukaba, wakaupasua kwa shoka huku mama wa watu anapiga kelele. Mtoto akazaliwa barazani, juu ya saruji, watu wanaona. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini aibu ile haikupona. Tangu siku hiyo kijiji kilikuwa kinatafuta mtu wa kumlaumu, na nani mwingine kama si fundi?

"Na wewe uliila?" nilimuuliza. Mimi sina adabu ya kuzunguka.

"Sikula hata kilo."

"Basi kesho nakuja kupima."

Akamgusa dereva bega. "Anayepiga kelele kuliko wote ni baba yako," alisema, na pikipiki ikaondoka.

Hilo halikunishangaza. Baba yangu, Mzee Mwandu, akishaamua jambo hata trekta haimtoi. Na mimi ni mtoto wake kweli.

Kazi yangu ni ufundi sanifu wa majengo, na Bariadi imenilisha vizuri. Watu hapa wanapenda kujenga kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaotupa pamba, kwa sababu viwanja vyake ni vipana na vimekaa tambarare. Hawajui kwamba udongo ule hautulii. Mvua ikinyesha unavimba na kuinua nyumba, kiangazi kikija unanywea na kuiacha ikining'inia. Kila baada ya masika naletewa kesi za nyufa. Wengine wanakuwa wameshakwenda kwa mganga, wakaambiwa kuna marehemu hakuridhika na kiwanja. Mimi naenda na mpira wa maji.

Mpira wenyewe ni ule mweupe unaoona ndani, mita thelathini. Nimenunuliwa mitambo ya kisasa kwenye miradi mingine na kuirudisha, lakini mpira huu siuachi, kwa sababu mtu yeyote akiuangalia anaelewa. Maji hayana upande. Yakitulia, huku na kule yako usawa mmoja, hata kama kati yake kuna kuta nne. Unamweka mtu mmoja kwenye alama uliyochora ukutani. Yeye anapandisha na kushusha ncha yake mpaka maji yalingane na alama, kisha anaita, "Sawa!" Wewe uliyeko upande wa pili, hata kama uko chumba kingine, unasoma kwa tepu kutoka sakafuni mpaka kwenye maji. Namba ikiwa kubwa, sakafu imeshuka. Ikiwa ndogo, imeinuka.

Alhamisi saa mbili tulikuwa tumeshaanza. Nilitia bluu ya kufulia kwenye maji ili yaonekane, nikatoa mapovu yote, nikachora alama kwenye ukuta wa chumba cha mapokezi. Luhaga alishika ncha yake pale. Mimi nilitambaa na ncha yangu, tepu, chaki na daftari, nikichora vialama kila baada ya mita moja na nusu. Wagonjwa walihamisha miguu nipite.

Nesi Esteria, anayeendesha zahanati ile karibu peke yake, alikuwa anapima watoto uzito kwenye kona. "Philomena, hilo jengo nalo lina mimba?" alinitania. "Maana unalipima kuliko ninavyowapima hawa."

"Nataka kujua limekaa vibaya upande gani."

"Upande wa chumba changu cha kujifungulia. Hilo hata bila mpira nakwambia."

"Na mimi nataka kukwambia kwa milimita ngapi."

Mapokezi yote yalitoka kati ya mita moja na milimita mbili na mita moja na milimita saba. Kwa jengo la nguvu za wananchi la miaka kumi na sita, hiyo ni sakafu ya kujivunia. Stoo ya dawa ilikuwa hivyohivyo, na chumba cha nesi pia. Tulipofika chumba cha kujifungulia namba zikaanza kukua. Mita moja na kumi na nane. Ishirini na tisa. Arobaini. Kwenye kona ya nje, kaskazini mashariki, nilisoma mara tatu ili nisijidanganye: mita moja na milimita sitini na saba.

"Toa ishirini," Luhaga alisema nilipomwonyesha daftari. "Chumba kile nilikilaza makusudi kuelekea kona, maji ya kuoshea yakimbilie kwenye tundu. Ishirini kamili."

Nikatoa ishirini. Zikabaki arobaini na saba kwenye kona. Ili nisitegemee mdomo wake, nilitoka nje nikapima kozi, ile safu ya tofali iliyo chini ya madirisha, ambayo hakuna fundi anayeilaza makusudi. Ilinyooka kuzunguka jengo zima, na ilipokaribia kona ile ikaanguka milimita arobaini na sita. Niligonga zege la kona kwa nyundo, nikagonga na la upande wa pili. Yote yalilia mlio mmoja mkavu, wa zege lililoshiba. Saruji ingekuwa imeliwa, jengo lingeoza kila mahali. Hili lilikuwa limesimama vizuri kila mahali isipokuwa kona moja, iliyokuwa inapanda na kushuka kila mwaka na kuvuta ukuta.

Nilifurahi mno. Nilimpiga Luhaga bega kama kijana mwenzangu. "Baba, umepona! Hii siyo saruji, ni udongo. Nionyeshe tu nani alichimba msingi upande huu."

Yeye alikuwa anakunja mpira taratibu, mduara juu ya mduara. "Unajua mwenyewe," alisema.

Kweli nilijua. Kijiji chote kilijua, maana ndiyo hadithi tuliyokuwa tunajisifia nayo kwenye kila harusi. Zahanati ile ilichimbwa na vitongoji vinne, kila kitongoji upande wake, kwa mashindano na ngoma, kama tunavyolima mashamba. Kitakachomaliza kwanza kuchimba na kupanga mawe kinapewa fahali. Tulishinda sisi wa Mbugani. Baba yangu ndiye alikuwa kiongozi, na tulimaliza kwa siku mbili wakati wenzetu walitumia nne. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikapewa fimbo ya kipimo kwa sababu nilikuwa msomi. Luhaga alikata fimbo nne za mita moja na robo, moja kwa kila upande, kisha akaenda Maswa kufuata nondo na saruji. Agizo lake lilikuwa jepesi. Fimbo ikisimama ndani ya mtaro, kichwa chake kisipite kamba iliyovutwa juu ya mtaro.

"Tuligonga mwamba," nilimwambia. Ndivyo nilivyokuwa nimesema miaka yote.

Alimalizia kukunja mpira, akanikabidhi.

Ijumaa asubuhi nilichimba shimo mwenyewe, nje ya kona, kandokando ya ukuta. Kilikuwa kiangazi na udongo wa mbuga umekauka. Sururu ilikuwa inadunda na kulia kama inagonga chuma, mikono inakufa ganzi. Nikaelewa kwa nini vijana wa wakati ule walichoka. Lakini ugumu ule si ugumu wa jiwe. Ukimwaga ndoo ya maji na kunywa chai, ukirudi unachota kwa beleshi. Nilishuka mpaka nikaona mawe ya chini kabisa ya msingi, nikaingiza mkono chini yake. Udongo. Mweusi, mkavu, wenye mipasuko ya kuingiza vidole. Niliweka tepu. Sentimita sitini na mbili. Niliendelea kushuka mpaka mita moja na nusu nikitafuta mwamba wangu, na sikuupata hata kokoto.

Nilikaa ndani ya shimo lile. Na kitu nilichokuwa nimekifukia mwenyewe kikanijia chote. Fimbo ilipita kamba kwa urefu wa mkono wangu, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya vidole, na zaidi. Niliona. Niliinua macho, nikaona watu thelathini wamelowa jasho, wananitazama, na baba amesimama juu ya ukingo na jembe begani. Upande wa pili ngoma za kitongoji kingine zilikuwa zinakaribia kutupita. Nikasema, "Imefika." Vigelegele vikapigwa, mawe yakaanza kushuka, na hakuna aliyeangalia tena.

Mwamba niliuongeza baadaye. Luhaga aliporudi alikuta mawe ya upande wetu yamebaki lundo, wakati pande nyingine yalipungua. Akaniuliza mimi. Nikamwambia tuligonga mwamba, hatukuweza kushuka. Nikairudia hadithi hiyo mpaka nikaiamini, nikaenda nayo chuoni, nikarudi nayo, nikaanza kuwafundisha watu wengine namna ya kuchimba msingi kwenye mbuga.

Nilipoinua kichwa Luhaga alikuwa amechuchumaa pembeni ya shimo.

"Ulijua," nilimwambia. Nilikuwa na hasira naye, na aibu ndiyo iliyokuwa inaiwasha.

"Niliona mawe. Nikakuuliza, ukajibu, nikajenga. Ningewaambia nini? Fahali alikuwa ameshaliwa. Nani angewarudisha Mbugani kwenye mtaro na nyama ya ushindi iko tumboni?"

"Kwa nini hukusema mwezi wa tatu walipoanza kukutukana?"

"Ningesema wewe ndiye uliyenidanganya? Fundi mzima?" Alitema mate pembeni. "Nikaona bora uje upime. Nilijua ukianza kupima huwezi kuacha katikati."

Mchana huo nilikwenda kwa baba. Alikuwa zizini anamkagua ndama mgonjwa, akaniita ng'wanone, mwanangu, akanipa kigoda, na nikamweleza yote bila kupamba. Mama yangu alishafariki, na tangu hapo tulikuwa tumezoea kuzungumza hivyo, ana kwa ana, kila mtu na ukali wake.

"Sema ni udongo," alisema. "Umesema mwenyewe ni udongo unaovimba. Inatosha. Luhaga anapona na hakuna anayeumia."

"Haitoshi, baba. Wakiona shimo watauliza kwa nini msingi ni mfupi, na kazi ya kuhakikisha urefu ni ya fundi. Watamtenga kwa hilo badala ya saruji."

"Tuligonga mwamba."

"Nimeutafuta leo mpaka mita moja na nusu. Haupo."

Alimwachia ndama mdomo. "Philomena, watu thelathini waliotoa jasho lao pale, nusu yao wamekufa. Unataka kwenda kuwaambia watoto wao kwamba ule ushindi ulikuwa wa wizi?"

"Nataka kuwaambia kwamba nilisema uongo. Mimi. Si wao."

"Ukisema hivyo, sheria nitaifuata kama nilivyotaka ifuatwe kwa Luhaga. Sitageuka kwa sababu ni wewe."

"Usigeuke," nilimjibu, na nilimaanisha.

Jumamosi kijiji kilijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Salvatory, alinipa nafasi ya kwanza, maana watu walikuwa wamesikia ng'wana Mwandu amekuja na vipimo kutoka mjini, na walidhani nimekuja kummaliza fundi. Nilisoma namba. Kisha nikaacha kusoma, tukaenda wote zahanati. Niliujaza mpira maji yangu ya bluu, nikampa mama mmoja ncha moja na babu mmoja ncha nyingine, nikawazungusha kwenye jengo. Walisoma wenyewe. Walipofika kwenye kona ile, watu walisema "Aah!" kwa pamoja. Nikawapeleka kwenye shimo. Vijana waliingia wakapitisha mkono chini ya mawe.

"Sasa hapa," Salvatory alisema akimgeukia Luhaga, "hata kama saruji hukula, fundi, huu msingi ni mfupi. Wewe ndiye uliyepewa jengo."

Makelele yakaanza. Luhaga alisimama ameinamisha kichwa, hakunitazama. Alikuwa ameniachia mwenyewe, na hata leo sijui kama nilimshukuru au nilimchukia kwa hilo.

"Fundi alikuwa Maswa," nilisema kwa sauti. "Fimbo ya upande huu nilishika mimi. Haikufika. Niliona haikufika, nikasema imefika. Aliporudi akaniuliza, nikamdanganya kwamba kuna mwamba. Yule mama aliyezalia barazani alizalia pale kwa sababu ya mdomo wangu."

Nilitegemea kelele. Hawakupiga. Walinyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele, kwa sababu nilijua ndio nitakaokaa nao.

Kabla Salvatory hajasema kitu, nilitoa karatasi kwenye daftari nikampa Luhaga. Ilikuwa mchoro wa namna ya kutibu kona. Wachimbe chini ya msingi vipande vipande, nusu mita kwa nusu mita, wakiruka kipande kimoja kila mara ili ukuta usikose pa kukalia, wajaze zege mpaka mita mbili, halafu wahamie kipande kingine. "Kabla mvua hazijaanza," nilimwambia. "Na nitakuja kupima Januari, Machi na Mei, wapende wasipende. Bila kupima masika yote hakuna anayeweza kusema kona imepona."

Salvatory alitangaza. Fundi hana kosa. Ng'wana Mwandu alisema uongo uliohatarisha wazazi na watoto, kwa hiyo anatengwa mpaka kona itibiwe na masika yapite bila ufa mpya. Kupima akapime, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua, lakini asisemeshwe. Atakayemsemesha anaingia naye. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa baba yangu. Aliunyoosha wima, hakuukunja hata kidogo, na mingine ikafuata. Sikulia pale. Nililia kwenye bodaboda, njia nzima mpaka Bariadi, na dereva akawa na akili ya kutoniuliza.

Nilisikia kwa mbali kwamba kazi imefanyika. Vitongoji vyote vinne vilichimba, safari hii bila ngoma wala zawadi, na Luhaga alishuka kwenye kila kipande kuhakikisha mwenyewe. Novemba mvua zikaanza. Januari nikafunga mpira wangu kwenye mkoba nikaenda.

Niliposhuka barazani pa zahanati, akina mama waliokuwa wamekaa wakasogeza kanga zao na kutazama upande mwingine. Nesi Esteria, aliyenitania kiangazi, aliniachia mlango wazi akaingia chumba chake. Luhaga alikuwepo, akanijia ameshanyoosha mkono kupokea ncha ya mpira. Nilimkatalia kwa kichwa. Nilikuwa nimemtoa kwenye adhabu hii kwa gharama yangu yote, na kuita "sawa" ni kunisemesha. Akasimama uani, kofia mkononi.

Nilijaribu peke yangu. Nilifunga ncha moja kwa waya kwenye alama, nikaenda na nyingine. Lakini kila ukisogea maji yanahama, na ncha isiyo na mtu haiwezi kujirekebisha. Nilikimbia kati ya alama na pointi ya kwanza mara sita. Mara ya saba nilijikwaa maji yakamwagika, nikayajaza upya, nikatoa mapovu upya. Nilijiambia nitafanya pointi mbili kwa siku ikibidi, na nitalala kwenye gesti ya Mwandoya wiki nzima. Mtoto mmoja alicheka na mama yake akamziba mdomo.

Nilipoinuka na ndoo, baba yangu alikuwa amesimama mbele ya alama. Sikumsikia akiingia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na viatu vina matope ya njia nzima. Alifungua ule waya, akashika ncha ya mpira kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mpaka jicho lake likawa sawa na maji. Kisha akanyoosha kidole kimoja juu.

Nikaelewa. Nikasoma pointi ya kwanza, nikaandika. Kidole. Ya pili. Mapokezi yote tulipima hivyo, yeye na kidole chake na mimi na tepu yangu, na hakuna sheria iliyovunjwa. Stoo ya dawa niliifanya nikichungulia mlangoni. Namba zilikuwa zilezile za kiangazi, milimita kwa milimita. Akina mama barazani walikuwa wameacha kutazama pembeni.

Kikabaki chumba cha kujifungulia. Kiko nyuma ya ukuta, na kutoka kwenye kona yake huoni alama, huoni kidole, huoni mtu. Nilivuta mpira nikaingia. Nikapiga magoti kwenye kona, nikasimamisha ncha yangu ukutani, nikaweka tepu. Maji ya bluu yalipanda, yakashuka, yakapanda kidogo, yakaanza kutulia. Bila kujua kama upande wa pili yamegusa alama, namba yoyote niliyosoma ilikuwa ya kubahatisha, na kubahatisha kwenye kona ile nilikuwa nimekataa kwa maisha yangu yote yaliyobaki.

Sikuita. Nisingemwomba, mkono wake nilikuwa nimeuona ukinyooka siku ya kunitenga. Nilingoja tu, mikono imekakamaa, nikisikia mvua juu ya bati na kikohozi cha mtu barazani. Nilingoja mpaka magoti yakaniuma. Niliamua nitangoja mpaka jioni.

"Sawa," baba alisema.

Barazani mtu akashtuka kwa sauti. Baba akakohoa, akarudia, na safari hii kwa nguvu anayotumia kuita ng'ombe kutoka bondeni, ili Salvatory kule ofisini naye asikie.

"Sawa, ng'wanone! Soma!"